Siku niliyoandika était

Mwaka 2014 nilikuwa nasoma Kifaransa jioni pale Dar nikitoka kazini, na ticha wetu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mpole sana ila kwenye sarufi haachii kitu. Siku hiyo akatupa kazi ya kumwelezea mtu wa nyumbani, mimi bila kuwaza mara mbili nikamuandika bibi yangu wa Pangani aliyenilea, nikasimama nikasoma: ma grand-mère est petite, elle a les mains douces, elle rit beaucoup. Yaani bibi ni mfupi, ana mikono laini, anacheka sana.

Ticha akauliza, "Mama, bibi yako angali?"

Nikamwambia alishafariki mwalimu, ana miezi minne sasa. Akanyamaza, akanipa pole, halafu taratibu akasema basi hiyo est, yaani ni, tuitoe tuweke était, alikuwa, na a, yaani ana, iwe avait, alikuwa na.

Nikashika kalamu mkono hautaki, maana kwenye lile daftari bibi alikuwa bado anacheka.

Akaja pembeni yangu, akasema chukua kitenzi cha nous, yaani sisi, nous rions, tunacheka, toa -ons ibaki ri-, weka -ait, riait, na vitenzi vyote vinakwenda hivyo hivyo isipokuwa être, yaani kuwa, peke yake. Kisha akaniambia kitu ambacho kwenye kitabu chetu hakimo kabisa, kwamba kwao Lubumbashi wana alikuwaka, na hiyo -aka ya mwisho ndiyo -ait yenyewe, haisemi mtu kaisha, inasema alivyokuwa siku zote.

Hapo mkono ukakubali. Elle était petite, elle riait, elle tressait des nattes, nikaiona baraza yetu na bibi anasuka ukili wa mkeka kila alasiri, tambuu shavuni, mimi namchania miyaa, nikaandika ukurasa mzima wenzangu wameshabeba mikoba wanaondoka.

Mstari wa mwisho niliandika alifariki Jumanne alfajiri, nikaweka -ait na pale. Ticha akatikisa kichwa, akasema hapana, hilo ni tukio la mara moja, hapo ni elle est morte.

Nikamuuliza, mbona est imerudi?

Akasema hapo ni kitenzi kisaidizi tu mama. Nikaiandika kwa herufi kubwa kuliko zote.