Mstari mmoja nilioufuta jana usiku
Jamani, jana usiku hapa Ngamiani, Tanga, nilifuta mstari mmoja kwenye seva ya duka la kaka yangu: tcp_tw_recycle, yaani mpangilio wa Linux (mfumo endeshi wa seva hiyo) wa kuondoa haraka kumbukumbu za miunganisho ya mtandao iliyokwisha. Niliuweka mwenyewe zamani, nikiamini unaharakisha mambo. Kumbe ulikuwa unaumiza watu! Simu kadhaa zikipitia ruta moja na kuonekana kwa anwani moja, kerneli, yaani kiini cha Linux, ilizilinganisha alama za muda zilizomo kwenye ujumbe wao kana kwamba ni mashine moja, na baadhi ya maombi ya kuunganishwa yakatupwa kimyakimya. Wateja walilalamika, mimi nikalaumu mtandao. Nawaomba radhi kwa dhati. Watengenezaji wa Linux waliung'oa kabisa mpangilio huu kwenye toleo la 4.12, mwaka 2017, na walifanya vyema. Baada ya kusasisha Linux, seva ilisema haiujui, ndipo nikaufuta. Leo naikagua seva ya pili.