Ukungu chumbani, masizi jikoni: nilivyosafisha nyumba ya kupanga Ilomba kabla ya kuhama

Mkataba wetu wa pango ulikuwa na sentensi moja tu kuhusu usafi: mpangaji atarudisha nyumba katika hali aliyoikuta. Nyumba yenyewe ilikuwa Ilomba, Mbeya, vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika kodi ya mwezi mmoja, shilingi 150,000, kama dhamana tangu siku tuliyoingia, na mimi fedha hiyo nilikuwa nimeshaipigia hesabu kwenye gari la mizigo la kutupeleka Makambako, alikohamishiwa mume wangu. Zaidi ya fedha, yule mama alituamini. Kuna mwaka tulichelewa kulipa kodi na hakutugombeza. Sikutaka aingie kwenye nyumba yake akute uchafu wetu.

Tulihama mwishoni mwa Juni, na ningeweza kuchagua tena ningechagua mwezi huohuo. Anayeijua Mbeya anaelewa: mvua zimeshakoma, asubuhi maji ya bomba yanaganzisha vidole, lakini kuanzia saa nne mpaka saa tisa alasiri jua ni kali na hewa ni kavu. Ukuta ukioshwa saa nne, jioni baridi inaingia ukiwa umekauka. Machi au Aprili ukuta ulioshwa unabaki na unyevu wake, na mpangaji anayefuata hajamaliza hata kufungua virago ukungu umesharudi.

Jambo la kwanza nililosisitiza ni vyombo vyote vitoke kabla ya usafi wowote. Kirikuu kilibeba makabati, vitanda na makochi, watoto wakaondoka na baba yao, nikabaki mimi na mdogo wangu tukiwa na godoro moja, jiko la gesi, ndoo na madekio. Usafi wa kuzunguka vyombo ni kupoteza nguvu, kwa sababu uchafu mkubwa wa nyumba uko pale ambapo vyombo vilikuwa vimesimama.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kabati la nguo lilipotolewa chumba cha watoto, ukuta wa nyuma yake ulikuwa na madoa meusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua. Jikoni nako, juu ya mahali tulipoweka jiko la mkaa nyakati za mvua, ukuta na dari vilikuwa vyeusi. Mtu wa haraka angechukua brashi moja na ndoo moja ya sabuni akavamia kote. Mimi nimekulia Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi hii, na mama yangu alitufundisha tangu wadogo kwamba weusi wa chumbani na weusi wa jikoni ni vitu viwili, na dawa zake zinapingana. Ukungu unaulowanisha kwanza ndipo unaugusa. Masizi unayatoa yakiwa makavu, maji yanafuata baadaye.

Nianze na ukungu, au fangasi kama wengi mtaani wanavyouita. Ule ukuta wa chumba cha watoto unatazama kusini. Huku kwetu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini haupati jua kabisa kwa miezi hiyo yote. Unakuwa wa baridi usiku na mchana. Ndani watu wanapumua, maji ya kuoga yanachemshwa, nguo za shule zinaanikwa kwenye kamba sebuleni kwa sababu nje kunanyesha. Mvuke wote huo ukigusa ukuta wa baridi unageuka maji. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani hewa haipiti, maji hayakauki, ukungu unaota. Hakuna uchawi wala uvivu wa mama wa nyumba hapo, na huwa naumia nikisikia mwanamke anasemwa mchafu kwa sababu ya ukuta wa namna hii.

Ukungu ukisuguliwa mkavu unapeperusha vumbi laini lenye mbegu zake, linaingia puani na kutua kwenye kuta nyingine. Tulifunga mlango wa chumba, tukafungua madirisha yote mawili, tukavaa glavu na barakoa. Kwanza tulilowanisha madoa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, taratibu, bila kusugua, tukayaacha yalainike. Kisha tukafuta kwa sponji, kila mara tukisuuza kwenye ndoo ya pembeni ili tusirudishe uchafu ukutani. Ukuta ulikuwa na rangi ya maji, na rangi hiyo haivumilii stilwaya wala brashi ngumu. Inatoka yote ukabaki unatazama plasta.

Madoa yakishafutwa hubaki kivuli cha kijivu. Hapo ndipo jiki inapoingia: kikombe kimoja kwa lita nne za maji, si zaidi. Kuna imani kwamba jiki ikiwa kali ndiyo inafanya kazi, lakini ikizidi inaunguza macho na koo na kuharibu rangi ya ukuta, na usafi hauongezeki. Tulipaka, tukatoka nje kama dakika kumi, tukarudi kufuta kwa maji safi, kisha kwa kitambaa kikavu. Dirisha likabaki wazi mpaka jua lilipoanza kupoa.

Jirani yetu mmoja, mtu mwema kabisa, alinishauri niwashe jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili ukuta ukauke upesi. Nilimshukuru nikamkatalia. Mkaa unapoungua unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na chumba kikifungwa inaua. Nyanda hizi za baridi watu wanalala na jiko la mkaa ndani wakitafuta joto na hawaamki. Kama unakausha nyumba, kausha kwa upepo na jua. Kama jua halipo, subiri.

Masizi ya jikoni yalihitaji uvumilivu wa aina nyingine. Masizi ni unga wa kaboni, na jikoni unachanganyika na mafuta ya kukaangia. Ukiyamwagia maji mara moja yanakuwa wino, yanazama kwenye rangi na huyatoi tena. Tulitandika magazeti sakafuni, tukafunga kitambaa kikavu cha fulana ya mtumba kwenye fagio refu, tukaanza na dari. Kitambaa kinapita kwa mstari mmoja kuelekea upande mmoja, hakizungushwi. Kikijaa unakigeuza, kikijaa pande zote unachukua kingine. Nilikuwa nimenunua fungu la fulana chakavu Mwanjelwa kwa ajili hiyo tu, na hakuna ununuzi wa siku zile ninaousifu kama huo, kwa sababu vitambaa ndivyo vinavyoisha kwanza. Kazi kavu ilichukua muda mrefu kuliko kazi ya maji, na mdogo wangu alilalamika kwamba hatuoni mabadiliko. Magazeti yalipokunjwa yakatolewa nje, akaona mwenyewe kilichokuwa kimetoka.

Ndipo tukaleta maji ya moto yenye sabuni ya unga. Hapa kuna jambo ambalo wengi wanashangaa nikiwaambia: ukuta wenye masizi unaoshwa kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji machafu yanatiririka kwenye ukuta mkavu ulio chini na kuchora michirizi ambayo ni migumu kuliko masizi yenyewe. Ukianza chini, michirizi inakuta ukuta umeshalowa na umeshaoshwa, unaifuta kwa mara moja. Nyumba kwa jumla tuliisafisha kutoka juu kwenda chini, dari kwanza, sakafu mwisho, lakini ukuta huo mmoja ulikuwa na sheria yake.

Kwenye tailizi za pembeni mwa sinki, ambako mafuta yalikuwa yameganda, nilitumia majivu. Majivu ya kuni yaliyochekechwa, yakachanganywa na maji kidogo mpaka yakawa uji mzito, yanakata mafuta vizuri sana, na sikutoa hata senti. Ila yasifike kwenye fremu za aluminiamu za madirisha, kwa sababu yanaila na kuiacha na mabaka meupe yasiyofutika. Mistari ya katikati ya tailizi tuliisugua kwa mswaki wa zamani.

Madirisha nitayapitia upesi. Barabara kuu ya kwenda Tunduma haiko mbali, malori yanapita usiku na mchana, na kiangazi vumbi lake linajaa kwenye nyavu za mbu. Tulizitoa nyavu, tukaziosha uani kwa brashi laini. Vioo vilipata maji yenye siki kidogo na kufutwa kwa gazeti.

Siki hiyo niliiweka mbali na jiki tangu mwanzo, chupa moja ilikaa jikoni na nyingine uani. Na choo tulikiosha siku tofauti na siku ya jiki. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona akina dada wakichanganya ili choo kitakate: dawa za chooni za kuondoa gamba la njano ni tindikali, siki nayo ni tindikali, na jiki ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo inashambulia mapafu, na chooni dirisha huwa dogo. Hata mkojo uliokaa ukikutana na jiki unatoa hewa mbaya. Kwa hiyo tulimwaga maji mengi kwanza, tukapaka dawa ya tindikali peke yake, tukaiacha ilainishe gamba, tukasugua, tukamwaga maji mengi tena. Jiki haikuingia mle ndani.

Ukuta wa watoto ulipokauka sawasawa, ulikuwa safi lakini umepauka. Nilimpigia simu mama mwenye nyumba nikamwuliza kama ana masalia ya rangi aliyotumia. Akasema, "Ipo mwanangu, njoo uchukue kopo." Rangi mpya haifanani na iliyokaa ukutani miaka, hata kama imetoka kopo hilohilo, kwa hiyo kupaka kiraka ni kutangaza doa. Tulipaka ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, na macho hayaoni tofauti kwa sababu kila ukuta unapokea mwanga kivyake. Matundu ya misumari tuliyaziba kwanza kwa saruji nyeupe, tukayalainisha kwa msasa.

Yalibaki mambo ya karatasi. Nilipiga picha kila chumba mchana, madirisha yakiwa wazi, kwa pembe zilezile za picha nilizopiga siku tulipoingia. Nikapiga picha ya mita ya maji na kulipa bili mpaka tarehe ile. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa na uniti kidogo, nikaziacha. Jumbe za manunuzi ya umeme nilizihifadhi kwenye simu, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, na kwa haki, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Yeye mwenyewe aliitaja kabla sijafungua mdomo, akanirudishia.

Alikuja na binti yake asubuhi, nikamwamkia, akaanza kuzunguka. Jikoni alitazama dari kwa muda. Chumba cha watoto aliweka kiganja kwenye ukuta wa kusini, kwa sababu mtu wa Rungwe, wilaya ya mvua nyingi ilipo Tukuyu, anajua kwamba ukuta unaweza kuwa mweupe na bado umelowa. Ulikuwa mkavu. Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kulikuwa na kioo kimoja chenye ufa dirisha la sebule, tukakubaliana akikate kwenye dhamana, shilingi 12,000, na zilizobaki akanitumia kwenye simu tukiwa tumesimama palepale.

Mpangaji mpya, mwalimu mwenye watoto wadogo, alikuja mchana huohuo kupima nafasi ya kitanda. Nilimwonyesha ukuta wa kusini, nikamweleza kuhusu jua na mvuke, na kumwomba kabati lake aliweke ukuta wa ndani unaopakana na sebule. Kama halitoshi hapo, aliache na nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na kila asubuhi dirisha la chumba kile lifunguliwe hata kama nje kuna baridi. Alichukua kalamu akaweka alama sakafuni mahali kabati litakaposimama, nikamkabidhi funguo.