Mifuko ya nyuma

Kuanzia 2002 hadi 2005 nilishona mifuko ya nyuma ya jinzi. Jinzi yenyewe sikuishona. Nilishona mfuko wa nyuma wa kulia, basi. Wa kushoto ulikuwa na mwenyewe, dada mmoja wa Kaloleni aliyekaa mbele yangu. Mpaka leo nikipishana na mwanamume aliyevaa jinzi, macho yangu huenda pasipostahili. Mume wangu ameshazoea.

Kiwanda kilikuwa Changamwe, Mombasa, katika vile vya EPZ, yaani viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuza nje. Tulitoka Magongo kwa miguu, leso begani, na saa moja kasorobo uwe umeshapita getini. Laini yetu ilikuwa na cherehani arubaini na kitu: bando linaingia huku likiwa vipande, linatoka kule likiwa suruali. Tageti yangu ilikuwa mifuko tisini kwa saa. Kila baada ya siku kadhaa alikuja kijana mwenye saa ya kupimia, kama ile ya mwalimu wa riadha, akasimama nyuma yako kimya. Ukimwona tu, unapunguza mwendo. Si sana, asije akashtuka. Sote tulifanya hivyo bila kuambizana, maana mbio zako za leo ndizo tageti ya kesho. Mshahara ulikuwa shilingi elfu nne na kitu kwa mwezi, na overtime tuliyokuwa tukiilaani kila siku.

Watu husema Wamarekani walitufuata kwa sababu mikono yetu ni rahisi. Mie mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi. Lakini hebu tazama: kitambaa kilitoka Uchina, kikashushwa Kilindini, winchi zake tukiziona kutoka dirisha la ngazini. Uzi ulikuja kwa meli, vifungo kwa meli, zipu kwa meli, hata lebo. Mpeketoni wanalima pamba, lakini sikuwahi kusikia nyuzi yake imefika kwetu. Cha Kenya kilikuwa umeme na sisi. Tukishamaliza, suruali inarudi baharini kwenda Marekani. Sasa anayekifuma kitambaa ana mafundi tele wenye mishahara midogo. Kwa nini asimalize kazi hukohuko kwake?

Jibu nilikuja kulijua kiwanda kimeshafungwa. Kazi ile ililetwa na sheria mbili. Ya kwanza ni AGOA, aliyotia saini Rais Clinton mwaka 2000: suruali ya pamba iliyoshonwa Kenya iliingia Marekani bila ushuru, hata kama kitambaa kimetoka nchi nyingine, wakati ya wengine wengi ilitozwa asilimia 16.6. Ya pili ilikuwa ya zamani zaidi. Tangu 1974 nchi tajiri ziliweka kota, yaani nchi kama Uchina iwauzie nguo kiasi fulani, isizidi. Uchina ikishajaza kota yake, oda iliyobaki inatafuta pa kulala. Changamwe ilikuwa nyumba ya kupanga.

Tarehe 1 Januari 2005 kota zikaondolewa. Sisi kwenye laini hakuna aliyetuambia. Mwezi wa pili bando zikaanza kuja nyembamba. Mwezi wa tatu overtime ikakatwa, na tulioilaani tukaanza kuililia. Halafu tukapewa likizo ya wiki mbili, bila malipo, na wiki mbili zikazaa mwezi. Mwezi wa nne karatasi ikabandikwa getini na jina langu halikuwamo. Yule dada wa Kaloleni alikuwamo, nikamchukia bure kwa muda wa kama wiki moja, mpaka naye akatoka.

Mwezi Mei Marekani ikaziwekea tena kikomo suruali za pamba za Uchina, maana zilimiminika mno. Mei! Sisi tulikwisha kurudi majumbani.

Baadaye mwanangu alipopata simu yenye intaneti nilimwomba anitafutie walikuwa wakilipwa nini wenzetu Bangladesh. Kima cha chini cha kisheria kwa anayeanza kazi ya nguo kilikuwa taka 930, pesa za kwao, kwa mwezi tangu 1994, na hakikupandishwa hadi 2006. Tukabadilisha kwa hesabu za mwaka ule wa 2005: chini ya dola 15. Mie nilikuwa napata karibu dola 60. Yaani mimi niliyejihesabu kibarua wa bei ya kutupa, nilikuwa ghali mara nne! Sikumwonea wivu mwenzangu wa Dhaka, wala sikuweza kumchukia kama nilivyomchukia dada wa Kaloleni. Lile jengo la Rana Plaza, la viwanda vya nguo kulekule Bangladesh, lilipoanguka mwaka 2013, likaua watu 1,134, nilizima televisheni.

Nilipokosa kazi nilikwenda kwa fundi mmoja mzee, Mwembe Tayari. Nikamwambia nina uzoefu wa miaka mitatu. Akanikunjulia kitambaa, akanipa chaki na utepe, akasema kata suruali. Nikasimama pale kama mwizi. Sikujua suruali inaanzia wapi. Nilikaa kwake miezi saba, namletea chai na nakata mpaka mkono ukazoea.

Sasa nina cherehani mbili hapa nyumbani. Jinzi sishoni, jinzi ya mtumba Kongowea unaipata kwa mia tatu, nitashindana nayo vipi? Hata kijana wangu namnunulia hukohuko, sisemi uongo. Nashona sare za shule, madera, na suruali za kina mama ambao mtumba hauwatoshi kiunoni wala nyuma. Hao ndio wanaoniweka mjini, Mungu awazidishie.

Tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA ulifika mwisho. Wiki iliyofuata binti wa jirani, anayefanya kazi kiwanda kimoja cha Jomvu, aliambiwa apumzike, atapigiwa simu. Alikuja akakaa kizingitini, akaniuliza, "Shangazi, hivi watatupigia?"

Nikamuuliza kwenye laini anashona nini.

"Lupu za mkanda."

"Nyingine?"

"Lupu tu. Mwaka wa nne huu."

Nikaondoa nguo zilizorundikwa juu ya cherehani ya pili, nikamtafutia chaki.