Simba Aliponyamaza

Simba alianza kumngurumia Bosco wakati wa masika, na nyumbani kwetu Tengeru tukadhani ni wivu. Simba alikuwa na miaka 9, Bosco miezi 14, wote mbwa madume. Mchana walikaa bandani, usiku tukawafungulia walinde.

Mngurumo ule ulikuwa na utaratibu wake, ila niliuona nimeshachelewa. Bosco akija kwa mbele, hakuna neno. Akija kwa upande wa kushoto kutaka kudaka sikio, kama vijana wa mbwa wanavyocheza, Simba alikaza mwili, akafumba mdomo, akamtupia jicho la pembeni hadi weupe wake ukaonekana. Hapo ndipo aliponguruma. Mara nyingi mbwa hupita njia hiyo: kwanza kukakamaa, kisha jicho, mngurumo, kuonyesha meno, na kung'ata ni mwisho kabisa. Anayenguruma bado anaomba nafasi.

Mdogo wangu alichoshwa na kelele za usiku. Kila Simba aliponguruma alimchapa kwa mpini wa fagio, siku nne au tano mfululizo, nami sikumzuia. Simba akanyamaza. Tukasema amekoma.

Jumamosi moja jioni nilileta mfupa wa paja kutoka bucha, nikaupasua, nikawarushia kila mmoja kipande pale pale uani. Ugali na dagaa huisha kwa dakika mbili, lakini mfupa mbwa anaukalia saa nzima, na saa nzima hiyo ana mali ya kulinda. Bosco alimaliza wake, akamsogelea mwenzake kwa kushoto. Simba hakutoa sauti hata kidogo. Alikakamaa sekunde mbili tatu, kichwa juu ya mfupa, kisha akamshika shingo.

Mwanangu alikimbia kumvuta Simba kwa kola, nikamdaka. Mkono ukipita kati ya vichwa viwili vinavyopigana, mbwa hung'ata chochote kilicho mbele yake, hata mkono wa anayempenda. Niliwamwagia ndoo ya maji usoni. Mara nyingine hutosha. Siku ile haikutosha. Fimbo sikuitaka, kwa sababu mbwa akipigwa katikati ya ugomvi hudhani maumivu yametoka kwa adui yake, akazidi kukaza taya. Basi mimi na mdogo wangu tukashika kila mmoja mbwa wake miguu ya nyuma, juu kidogo ya goti, tukawainua kama toroli. Hatukuvuta wakati meno yameshika, maana nyama huchanika. Simba alipoachia kutafuta pumzi, tulirudi kinyumenyume kwa kuzunguka bila kusimama; ukisimama, mbwa hugeuka akakung'ata wewe. Hatukuwaachia mpaka Simba alipokuwa mlangoni mwa stoo na Bosco mlangoni mwa banda.

Bosco alikuwa na matundu manne shingoni, madogo tu. Matundu hayo hudanganya: juu unaona kitone, chini ya ngozi jino limechana. Tulikata manyoya kuyazunguka, tukaosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Jirani alileta diklofenaki, nikaikataa. Dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mdogo wangu alikuwa amekwaruzwa na jino kiganjani. Aliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na asubuhi akaenda kituo cha afya ingawa mbwa wote wawili walikuwa na chanjo ya kichaa.

Daktari wa mifugo alipomaliza na Bosco aliomba amwone na Simba. Alipogusa sikio la kushoto, Simba alilia. Ndani mlikuwa na uchafu wa kahawia, na harufu yake ilifika hadi nilipokaa.

"Dada," akaniambia, "huyu amewaambia siku nyingi kwamba anaumwa."

Nilimtazama mdogo wangu. Aliinamisha kichwa.

Sikio lilitiwa dawa ya matone mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Siku tatu za kwanza mbwa hawakuonana kabisa, kwani hasira ya ugomvi haiwatoki kwa usiku mmoja. Siku ya nne tuliwatoa kwa kamba, kila mmoja na mtu wake, kwenye njia ya migombani: wote wakielekea upande mmoja, mita 8 kati yao, kamwe si uso kwa uso. Aliyemtazama mwenzake kisha akageuza macho alipewa pafu lililochemshwa, kipande cha ukubwa wa harage. Akikakamaa, tuliongeza umbali bila kugomba. Siku ya kumi na mbili walitembea mita 2 tu kati yao. Chakula walikula pande mbili za geti la wavu, mabakuli yakisogezwa hatua moja kila siku mbili. Mifupa ikawa ya bandani, kila mtu na chumba chake, na huokotwa yote kabla milango haijafunguliwa.

Wiki ya nne waliachiwa uani mchana, sote tukiwepo. Bosco alimsogelea Simba kwa kushoto. Simba akanguruma, chini chini. Mdogo wangu alikuwa anafagia. Aliliegemeza fagio ukutani, akaita, "Bosco, njoo," na Bosco akageuka akamfuata.