Mwezi Ukiandama

Nilikwenda Unguja kuweka vigae, si kutazama mwezi. Mwenye nyumba aliniahidi kwenye simu kazi ya siku thelathini, chumba bure, na hela yangu yote "mwezi ukiandama". Mimi ni Mnyaturu wa Singida, Mkristo, na kuandama kwa mwezi nilikuwa nakusikia redioni siku za Idi tu. Nikadhani ndivyo Wazanzibari wanavyosema mwisho wa mwezi.

Hiyo ilikuwa Julai 2018. Nauli ya boti siitaji, bado inaniuma. Chumba bure kilikuwa stoo ya saruji huko Unguja Ukuu, dirisha halina fremu, na upepo wa kusi unaingia usiku kucha mpaka fundi mzima unalala na soksi. Wiki mbili za mwanzo hazina habari. Vigae, gundi, mgongo.

Ijumaa tarehe 27 hatukufanya kazi. Nikataka kukiona kisiwa cha Uzi, maana kila jioni nilikuwa nakitazama ng'ambo ya mikoko. Siku hizo kulivukwa kwa njia ya mawe na tope iliyokatiza katikati ya mikoko, maji yakipwa. Kijana wa bodaboda akataka elfu kumi kwenda na kurudi, nilipe zote kabla. Nikalipa. Saa nne asubuhi njia ilikuwa kavu kama uwanja wa mpira. Akanishusha ng'ambo, akaniambia, "Nakufuata saa kumi." Sasa naamini alikuwa anacheka ndani ya kofia.

Nilizunguka, nikala muhogo wa nazi, nikawaona kima punju wawili wakinitazama kama mtu anayedaiwa. Saa tisa na nusu nikarudi njiani. Njia haikuwepo.

Huko kwetu maji yakija, yanakuja na kelele, mto unashuka na magogo na mbuzi wa watu. Haya yalikuwa yamekaa kimya baina ya mikoko, na juu yake jani moja la manjano na kumbi la nazi vinasogea polepole kuelekea bara, kana kwamba vimetumwa dukani. Kwenye vigogo kulikuwa na mstari wa tope kavu, umenyooka kuliko kazi yangu ya vigae, na maji yalikuwa yamebakisha vidole viwili kuufikia.

Bibi mmoja alikuwa amekaa kitako kivulini, pembeni yake gunia la mwani.

"Shikamoo, bibi. Bodaboda anakuja kunichukua saa kumi."

"Marahaba. Saa kumi ya leo?" Akacheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Mwanangu, leo bamvua. Saa kumi ndiyo maji yanajaa khasa. Kwani mwezi huutazami?"

Nikamwambia ninao kwenye simu, tarehe 27. Akasema huo si mwezi, hiyo ni karatasi. Mwezi ni mfunguo pili, yaani wa pili baada ya Ramadhani, na usiku huo ulikuwa unaingia kumi na nne. Akanieleza bila haraka, maana sikuwa na pa kwenda: mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umepotea kabisa, ndipo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi mbali wala hayashuki mbali. Na kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima, kama mwezi wenyewe unavyochelewa kuchomoza.

Hapo moyo ukanipiga. "Bibi, sasa huu mwezi utaandama lini?"

Akahesabu kwa pingili za vidole. "Ukitimia ishirini na tisa utatazamwa. Usipoonekana, watu watatimiza thelathini. Kwani umeahidiwa nini?"

Nikamwambia. Safari hii hakucheka.

Jua lilipozama, mwezi ulikuwa tayari umechungulia mashariki nyuma ya mikoko, mkubwa, rangi ya embe. Viatu vyangu vya ngozi bibi alivifunga kwenye mfuko, akaniazima kandambili za mjukuu wake. Saa moja na nusu nikavuka, maji kwenye vifundo vya miguu, kivuli changu kinatangulia pembeni yangu. Singida mbalamwezi ni ya watoto kucheza nje na mama kutuita mara tatu. Kutembelea mwanga wa mwezi juu ya sakafu ya bahari sikuwahi kuwaza.

Nimekaa barazani nasugua tope, saa tatu na nusu kasoro, mwezi ukaanza kumegwa. Saa nne na nusu ulikuwa mwekundu wote, na pembeni yake Mirihi nayo nyekundu. Kutoka msikitini ikasikika "Assalatu jamia," watu wakatoka majumbani kwenda kusali sala ya kupatwa. Ukakaa hivyo dakika 103. Kupatwa kikamilifu kurefu kuliko kote katika karne hii, ndivyo redio ilivyosema. Mama akapiga simu kutoka Singida. Naye alikuwa anautazama. Nikaanza kumweleza habari za kivuli cha dunia, akanikata: "Hela ya mbolea utatuma lini?" Nikasema mwezi ukiandama.

Tarehe 4 Agosti, mwezi nusu, nilirudisha kandambili na kilo mbili za sukari. Kijana yule yule akataka elfu kumi tena. Nikaenda kwa miguu, nikavuka bila kulowa.

Jumapili tarehe 12 nilikuwa juu ya ngazi tangu jua halijazama. Magharibi kulikuwa na wingu moja, likahama. Nao huo hapo, mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali kama mtumbwi. Nikampigia mwenye nyumba mkono ukitetemeka.

"Bosi, mwezi umeandama! Nimeuona kwa macho yangu!"

Akanyamaza kidogo.

"Wewe na nani mwengine?"