Bolti za hedi: mara ya pili sikuzikaza kwa kukisia kwa mkono tu

Gari lilikuwa linakula maji. Kila asubuhi chupa ya rejeta imeshuka, na moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini), ilikuwa imeungua tena, na iliyoungua ni ile niliyoifunga mwenyewe miezi minne nyuma. Iliniuma sana.

Safari hii nilinunua bolti mpya. Niliposimamisha ya zamani na mpya mezani, vichwa chini, ya zamani ilikuwa ndefu zaidi, na shingo yake imekonda pale nyuzi zinapoanzia. Bolti za namna hii huvutika zinapokazwa, na ule mvuto ndio unaoibana hedi. Ikishavutika kupita kipimo, haibani tena sawasawa. Mimi nilikuwa nimezirudisha zilezile.

Hedi ilichongwa uso wake uwe sawa, nikailazia rula ya chuma kuhakikisha. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.05 haikupenya popote. Kazi iliyonila muda ni matundu ya bolti kwenye bloku. Chini yake kulituama maji na oili. Bolti ikishuka juu ya maji yaliyonaswa, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inakuambia imekaza, kumbe inasukuma maji, na bloku inaweza kupasuka. Nilipuliza kwa kompresa huku nimefunika tundu kwa kitambaa, maana yanaruka hadi machoni, kisha nikazungusha kitambaa kwenye bisibisi nyembamba. Tundu moja nililirudia mara tano ndipo kitambaa kikatoka kikavu.

Nyuzi, na chini ya kichwa cha kila bolti, nilipaka oili kidogo tu. Kitabu cha injini yangu kinataka nguvu ya kukaza ya nyutonimita 29, kisha kuzungusha digrii 90, kisha 90 nyingine. Injini nyingine ina vipimo vyake. Unaanza na mbili za katikati, unatoka nje kwa kupishana, ili gasketi ilale kuanzia kati.

Baada ya zile 29 nilitia doa la rangi nyeupe kwenye kila kichwa, upande wa mbele wa injini. Duru ya kwanza madoa yote kumi yakatazama ubavuni. Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Nilitegemea bolti izidi kuwa ngumu. Katikati ya mzunguko ugumu ukabaki uleule, kama chuma kinalegea. Mara ya kwanza, nilipofika hapo, niliogopa itakatika nikaacha. Kumbe hapo ndipo inapovutika inavyotakiwa. Nilivuta polepole, bila kushtua spana, mpaka doa likatazama nyuma. Nikaendelea na inayofuata.

Injini ilipopata moto sikuzigusa tena. Bolti hizi hazirudiwi kukazwa. Wiki ya sita sasa, maji yako palepale kwenye mstari.