Siku moja na karatasi za watu, Nakuru

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Ni kijana wa Kaptembwo. Kaka yake amekamatwa usiku, na kuna mtu anayemtaka atume elfu tano "za bondi". Namwambia asitume kitu. Bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kurudi, hailipiwi, na dhamana ya pesa taslimu lazima ipewe risiti. Aende kituoni na kitambulisho, aulize kosa ni lipi na namba ya OB, daftari la matukio la kituo, kisha ahesabu saa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiishia wakati mahakama imefungwa, siku ya kwanza inapofunguliwa. Kaka asisaini maelezo yoyote. Likiwa kosa zito kama wizi wa mabavu, watafute wakili leo leo.

Saa mbili nafungua mlango. Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria. Nasoma karatasi pamoja na mwenyewe, tunaangalia aende wapi.

Saa tatu anaingia fundi wa makochi. Anadai 84,000 za seti aliyoikabidhi Januari, na ameshaambiwa kwamba bila wakili hapati kitu. Si kweli. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anajisimamia mwenyewe, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Tunaandika barua ya madai na kupanga jumbe za M-Pesa kwa tarehe. Pesa za wakili akanunulie mbao.

Saa tano, mlinzi aliyefukuzwa kwa simu, bila barua wala kusikilizwa. Namwelekeza kwa afisa wa leba. Ana miaka 3 ya kushtaki, ila asikae nayo.

Saa saba anafika mama wa Subukia, na hapo chai yangu inapoa. Anafungua kitambaa na kutoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wino wa buluu umevujia kwenye mikunjo. Amenunua robo ekari. Chini kuna saini ya muuzaji, kidole gumba chake yeye, na muhuri wa chifu.

"Muhuri huu, mwanangu, si ndio serikali?"

"Mama, hati iko kwa jina la nani?"

"La baba yao. Alifariki."

"Na mirathi walishafungua?"

Kimya. Ameshalipa 350,000, na saa kumi anatarajiwa kumalizia 120,000. Pesa ziko kwenye bahasha ya kaki ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki.

Namweleza polepole. Shamba la marehemu haliuzwi na mtoto mmoja kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi, na sheria inalihesabu hilo kuwa kosa. Ardhi ya kilimo pia inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, ambacho huombwa ndani ya miezi 6 baada ya mapatano. Muhuri wa chifu haufanyi lolote kati ya hayo. Hili limenizidi, ni la wakili, na aonwe kabla bahasha haijatoka kikapuni. Babangu alisaini karatasi kama hii Molo. Alimtafuta wakili mwaka wa tatu, ndugu wa muuzaji wakiwa wameshapanda mahindi. Siwezi kuisoma karatasi ya namna hiyo bila kumwona.

Kabla hatujatoka natafuta jina la wakili kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kuona kama cheti chake cha mwaka huu kipo. Kipo. Nampeleka mama mwenyewe, hatua chache tu.

Saa kumi na dakika tano, tukiwa kwa wakili, simu ya mama inaita. Ni muuzaji. Mama ananyoosha mgongo.

"Niko kwa wakili. Nileteeni kwanza karatasi ya mirathi, pesa ninazo."

Upande wa pili unakata. Mama anaikunja tena karatasi mara nne, anaitia kitambaani, na kuisogeza bahasha chini zaidi ya sukuma.